Kumtegemea Mungu bila kuwakimbia watu: mwongozo kwa Mkristo mwenye ndugu, madeni na mahitaji

Ukiishi Moshi utajua mapema kwamba mambo yana watu wake. Kazi ina mtu wake, ada ya mtoto ina mjomba wake Dar es Salaam, kihamba, yaani shamba la ukoo, kina mzee anayejua mpaka unapoishia. Kijana akimaliza chuo, nyumbani hawamuulizi sana amesomea nini. Wanamuuliza, "Pale una mtu?"

Jumapili kijana huyohuyo anasimama usharikani na kuimba kwamba Yesu ndiye mwamba wake, na anamaanisha. Ila hakuna aliyemwonyesha namna ya kumtegemea Mungu siku ya Jumatatu, akiwa na simu mkononi na jina la baba mdogo ndani ya simu hiyo.

Nimekaa na Wakristo wa aina mbili katika jambo hili. Wa kwanza anang'ang'ania watu mpaka wanaanza kumkwepa. Wa pili ameumizwa, akafunga mlango: hakopi, hakopeshi, jumuiya haendi, na neno lake ni "mimi na Mungu wangu tu." Huyu wa pili hudhani amefika. Hajafika. Ametoa tegemeo lake kwa watu akalirudisha kwake mwenyewe, na yeye naye ni mtu tu.

Mwongozo huu ni wa wote wawili. Tafuta Biblia, daftari na kalamu. Usiupitie kwa siku moja. Hatua moja kwa juma inatosha.

Hatua ya kwanza: andika majina

Najua umezoea kuanza na maombi. Safari hii anza kwa kuandika, kwa sababu mara nyingi tunamwomba Mungu juu ya tegemeo ambalo hata hatujalitambua.

Gawa ukurasa sehemu tatu. Ya kwanza, jina la mtu unayemtazamia. Ya pili, unachomtazamia. Ya tatu, maneno aliyoyasema kwa kinywa chake mwenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo inayouma.

Chukua mfano wa binti aliyesomea uhasibu, anaishi Pasua kwa dada yake. Kwenye msiba wa bibi kule Uru, baba yake mdogo anayefanya kazi Arusha alimwambia, sahani ya pilau ikiwa mkononi, "Nitumie CV yako, nitaona." Binti akatuma usiku uleule. Tangu hapo hajaomba kazi kwingine. Kila usiku kabla ya kulala anafungua WhatsApp aone baba mdogo alikuwa hewani saa ngapi. Tiki zimekuwa za bluu siku nyingi. Moyoni ameshaanza kumchukia, na baba mdogo hajui. Sehemu ya pili ya ukurasa wake imeandikwa "kazi". Ya tatu, akiijaza kwa ukweli, itasomeka "nitaona", basi. Kazi aliijenga yeye mwenyewe juu ya neno moja la msibani.

Ukimaliza kujaza, jiulize maswali haya kwa kila jina. Huyu akisema hapana usiku huu, nitalala? Kuna ukweli ninaouficha mbele yake ili nisimpoteze? Mithali 29:25 inasema, "Kuwaogopa wanadamu huleta mtego." Na je, akiniudhi, naacha kuomba au naacha kwenda ibadani? Jina linalojibu vibaya maswali yote matatu, lizungushie duara. Hapo ndipo umeweka uzito wako.

Kisha jina la mwisho liwe lako mwenyewe. Andika unachojitazamia.

Hatua ya pili: msome Yeremia mzima, usikate mstari mmoja

Yeremia 17:5 ni mstari unaopendwa sana na mtu aliyetoka kugombana na ndugu yake: "Bwana asema hivi, Amelaaniwa mtu yule amtegemeaye mwanadamu, Amfanyaye mwanadamu kuwa kinga yake, Na moyoni mwake amemwacha Bwana." Unawekwa kwenye status asubuhi, na kila mtu wa ukoo anajua umemlenga nani. Mstari haukuandikwa kwa kazi hiyo.

Siku za Yeremia Yuda ilikuwa imebanwa na Babeli, na wakubwa wa Yerusalemu macho yao yalikuwa Misri. Soma sura ya 37. Jeshi la Farao lilipotoka Misri, Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, waliokuwa wameuzingira mji wakaondoka. Fikiria watu walivyoshangilia. Msaada umekuja, mtu wetu amefika! Yeremia akawaambia kwamba jeshi lile litarudi kwao, na Wakaldayo watakuja tena. Wakaja, na mji ukaanguka kwenye mwaka wa 587 au 586 kabla ya Kristo. Neno la sura ya 17 lilisemwa kwa taifa lililokuwa limekataa kumsikiliza Mungu huku likisubiri farasi wa Misri.

Sasa tazama maisha ya mtu huyohuyo aliyetamka laana ile. Katika sura ya 32 ananunua shamba kwa binamu yake Hanameli kule Anathothi, kwa shekeli 17 za fedha. Anapima fedha kwenye mizani, anaandika hati, anaita mashahidi, anaitia muhuri, na hati inatiwa katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Katika sura ya 37 anamsihi mfalme Sedekia asimrudishe kwenye nyumba aliyofungwa. Katika sura ya 38, akiwa amezama matopeni ndani ya shimo, anaokolewa na Ebedmeleki Mkushi, aliyekwenda kwa mfalme kumtetea, akaja na watu na kamba, na matambara makuukuu ili Yeremia ayaweke kwapani kamba zisimkate. Yeremia hakuwaambia wamwache, eti yeye anamtegemea Bwana tu. Aliyaweka matambara kwapani akavutwa juu.

Kwa hiyo kosa linalolaaniwa liko kwenye kile kipande cha tatu, "moyoni mwake amemwacha Bwana." Mkono wa mtu unaruhusiwa kukuvuta. Usichoruhusiwa ni kuufanya mkono huo kuwa Mungu wako. Soma mpaka mstari wa 8, ule wa mti uliopandwa kando ya maji, ambao "hautahangaika mwaka wa uchache wa mvua." Mvua haikosi kupungua hata kwa mti huo. Halafu soma wa 9, unaosema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Ndiyo maana nilikuambia uandike na jina lako.

Hatua ya tatu: omba kwanza, kisha uliza

Nehemia ndiye mwalimu wetu hapa. Mfalme Artashasta wa Uajemi alimwuliza ana haja gani. Anasimulia katika 2:4, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni," na papo hapo anamjibu mfalme. Akaomba ruhusa ya muda maalumu, akaomba nyaraka kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, akaomba mbao kwa Asafu mwenye kuutunza msitu wa mfalme. Na kabla ya siku ile alikuwa amekwisha kuomba na kufunga kwa siku nyingi. Alijua aliyemshika mfalme ni nani, ndiyo maana, ingawa aliogopa sana (2:2), aliomba waziwazi wala hakumpigia magoti ya moyoni.

Angalia pia tofauti yake na Ezra. Ezra (8:22) aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, kwa kuwa alikuwa ameshamwambia kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Akafunga, akaenda bila kikosi. Nehemia (2:9) alisafiri na maakida wa jeshi na wapanda farasi. Wote wawili walimtegemea Mungu, na Biblia haimkemei hata mmoja. Usimhukumu jirani yako aliyekubali msaada ulioukataa wewe, wala yule aliyeukataa ulioukubali.

Kwa vitendo, fanya hivi. Kabla hujampigia mtu, kaa na Mungu na umwambie haja yenyewe kwa jina lake: ada, kodi ya nyumba, matibabu. Mwambie pia hofu yako ikiwa mtu huyu atakataa. Hofu hiyo usiifiche kwenye maneno mazuri ya maombi. Kwa sisi tunaoamka tukiiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Zaburi 121 ni dua nzuri ya asubuhi, mradi tuisome na swali lake: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, Msaada wangu utatoka wapi?" Msaada hautoki mlimani. Jibu liko kwenye mstari wa 2, "Msaada wangu u katika Bwana, Aliyezifanya mbingu na nchi."

Kisha uliza, na uulize kwa njia inayomwacha mtu huru. Yule binti wa Pasua angeweza kuandika hivi:

"Shikamoo baba mdogo. Poleni na kazi. Nimeona tangazo kwamba ofisini kwenu wanatafuta mhasibu, na mimi nimeshapeleka maombi. Nakuomba, kama utapata nafasi, unieleze kwenye usaili wanapenda kuona nini. Ikishindikana naelewa kabisa baba, na Krismasi tutaonana nyumbani kama kawaida."

Ameshafanya sehemu yake. Anaomba kitu ambacho baba mdogo anaweza kutoa bila kuvunja sheria wala kumpokonya mwingine haki yake. Amemwachia mlango wa kukataa, na amemhakikishia kwamba akikataa bado ni baba yake. Ujumbe wa namna hii huandikwa na mtu ambaye usingizi wake hauko mikononi mwa anayemwandikia. Ukiona huwezi kuandika ile sentensi ya mwisho, rudi kwenye maombi kwanza.

Hatua ya nne: andikishaneni

Hapa sitakaa sana. Ukikopesha, andika. Ukichukua pikipiki ya mkataba, soma mkataba mpaka mwisho na ubaki na nakala. Ukinunua kiwanja, hata kwa ndugu wa damu, hata kwa mzee wa kanisa, pita ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, weka mashahidi, pata sahihi. Kama Yeremia aliandikishana na binamu yake, na wewe andikishana na wako. Kusema "namwamini Mungu" ili ukwepe aibu ya kumwandikisha shemeji ni kumtwisha Mungu uzembe wako. Na kabla ya kumdhamini mtu kwenye kikoba au SACCOS, soma Mithali 22:26-27, kisha jiulize kama unaweza kulilipa deni lile mwenyewe. Kama huwezi, kataa kwa upole leo.

Hatua ya tano: watumishi wa Mungu ni watumishi

Hapa ndipo nataka tukae, kwa maana tegemeo la mtu linapovaa mavazi ya kidini halitambuliki upesi.

Mkoa wa Arusha na Kilimanjaro tumeyaona kwa macho. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Foleni za magari zilikwenda kilometa nyingi. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini wakapelekwa kule, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Kisha Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020, hapa Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, watu walisukumana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Watu 20 walikufa, na watoto wakiwemo. Walikwenda kumtafuta Mungu, wala sitawasema vibaya. Wengi walikwenda kwa sababu walikuwa na maumivu ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyasikiliza. Lakini tunapaswa kujifunza, sisi tuliobaki.

Mchungaji, padri, nabii, mwalimu wa maombi: mpende, msikilize, muombee, mtunze. Kisha mpime, kama watu wa Beroya walivyompima hata Paulo (Matendo 17:11), nao wakasifiwa kwa kufanya hivyo. Mambo ya kuangalia ni haya.

Unaweza kumuuliza swali bila kuambiwa una roho ya uasi? Baraka yake ina bei, na bei hiyo inapanda shida yako inapokuwa kubwa? Anakufundisha kuomba nyumbani kwako, au kila jambo ni lazima upitie kwake? Akihama kesho, utabaki na Kristo au utabaki na chupa ya mafuta?

Lipo lingine, na naliandika kwa uchungu. Je, amekuambia aliyekufunga ni mama yako, au shangazi, au jirani? Nimeona nyumba zilizovunjika kwa maneno ya aina hiyo: mama mzee anaacha kusalimiwa na watoto aliowalea kwa kuuza ndizi Kiboriloni, kwa sababu mtu asiyemjua alimtaja madhabahuni. Mtu anayekukataza kuwategemea wanadamu, huku akikuondolea ndugu zako wote abaki yeye peke yake, anakufanya umtegemee mwanadamu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Ondoka hapo.

Kuhusu hospitali, wengi hutumia habari ya mfalme Asa katika 2 Nyakati 16:12 kukemea dawa. Asa analaumiwa kwa sababu katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana. Hezekia naye aliugua, akamlilia Mungu, na Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Luka aliitwa tabibu mpendwa. Kwa hiyo dawa ya presha, ya sukari, au ARV, usiache hata moja kwa neno la madhabahuni. Ukiombewa na ukaamini umepona, mshukuru Mungu, endelea na dozi, nenda KCMC au Mawenzi wakupime. Uponyaji wa Mungu hauogopi kipimo.

Hatua ya sita: siku watakapokuangusha

Watakuangusha. Paulo, katika barua ya pili kwa Timotheo, anasema alipojitetea mara ya kwanza hakuna aliyesimama upande wake, "bali wote waliniacha, naomba wasihesabiwe hatia kwa jambo hilo. Lakini Bwana alisimama pamoja nami." Wengi huishia hapo, kwenye 4:16-17. Mimi nakuomba urudi nyuma mistari michache. Mtu huyu aliyeachwa na wote anamwambia Timotheo ajitahidi kuja upesi, aje na lile joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na amlete Marko. Marko yuleyule ambaye katika Matendo 15 Paulo alikataa katakata kusafiri naye kwa kuwa aliwahi kuwaacha njiani, sasa anasema anamfaa kwa utumishi. Kuachwa hakukumfanya Paulo awafungie watu mlango.

Kwa hiyo umwambie Mungu kwanza, bila kupamba. Zaburi 55 ina maneno ya mtu aliyesalitiwa na rafiki waliyekuwa wakienda naye nyumbani mwa Mungu; iazime. Subiri hasira ishuke, kisha nenda kwa mtu mwenyewe, ninyi wawili, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, kabla hujapeleka habari kwenye kundi la familia. Msamehe. Ila kumsamehe mtu na kumrudishia funguo za duka ni mambo mawili. Msamaha unautoa leo kwa sababu Mungu amekusamehe wewe. Funguo anazipata kidogokidogo, kwa uaminifu utakaouona. Yesu mwenyewe aliwapenda watu mpaka msalabani, na bado Yohana 2:24 inasema hakujiaminisha kwao, kwa kuwa aliwajua wote.

Rudi kwenye daftari, futa duara kwenye jina lake, uandike tarehe.

Hatua ya mwisho: wewe ndiye uliyeandikwa kwenye daftari la mwingine

Kama una mshahara, basi kuna mahali jina lako limezungushiwa duara. Mama yuko Marangu au Kibosho anasubiri Desemba. Mdogo wako wa chuo anasubiri ada. Unajisikia vizuri kuitwa tegemeo la ukoo, na hapo kuna hatari yako. Utaanza kuahidi usichonacho, utakopa ili usiaibike, mwishowe utazima simu.

Usizime. Pokea, umwambie mzazi kiasi cha kweli: "Shikamoo mama. Ulisema laki moja ya dawa. Mwezi huu nina elfu hamsini tu, nimejitahidi imeishia hapo. Tumwombe Mungu pamoja sasa hivi kwa hiyo iliyobaki." Kisha muombe kweli, kwenye simu hiyohiyo, kabla hamjaagana. Ukimaliza, itume ile elfu hamsini papo hapo na ya kutolea, usingoje kesho.